Usitupe Besi kwa Sababu ya Skrubu

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba niziache habari za bei na za barabara, nijibu swali ambalo limenijia kwa barua, kwa simu, na mara moja hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Wanaouliza ni wapiga besi: wa kwaya, wa bendi ndogo za harusi, na vijana wanaojifunza kwa gitaa la kuazima. Wote wana hadithi moja. Besi yao haishiki sauti, inakwaruza ukigusa voliumu, kutu imelila daraja, na fundi amewaambia chombo hicho kimekwisha, watafute kingine. Je, ni kweli kimekwisha?

Mara nyingi si kweli. Nami sisemi hivyo kwa kuihurumia mifuko ya watu tu, ingawa besi mpya si bei ya embe. Nasema hivyo kwa sababu ya namna chombo chenyewe kilivyoundwa tangu mwanzo.

Besi ya umeme tunayoijua sote, ile ya mwili wa ubao mzito usio na tundu tumboni, ilianza kuenea tangu mwaka 1951, kutoka mji wa Fullerton, California, nchini Marekani. Walikuwapo waliojaribu kabla yake, lakini hiyo ndiyo iliyoshika dunia, na hadi leo karibu kila besi unayoiona jukwaani ni mtoto au mjukuu wake. Aliyeiunda ni Leo Fender. Huyu bwana hakuwa mpiga gitaa, na wala hakujua kulipiga. Alikuwa fundi wa redio, aliyefungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938. Basi akaunda gitaa kwa akili ya fundi wa redio, mtu ambaye kila siku huletewa mezani vitu vilivyoharibika na anajua kwamba kitu kisichofunguka ni adui. Waunda fidla wa Ulaya waligundisha shingo mwilini. Yeye aliifunga kwa skrubu nne. Daraja akalifunga kwa skrubu. Funguo za kukazia nyuzi, skrubu. Waya zote akazificha chini ya bamba linalofunguliwa kwa bisibisi. Mwaka 1965 kampuni yake ilinunuliwa kwa dola milioni 13 na CBS, shirika la utangazaji, kwa hiyo msikilizaji asishangae kusikia redio ikizungumza habari za gitaa. Udugu wetu ni wa zamani.

Maana yake ni hii. Katika besi kuna vitu vilivyokusudiwa kukaa, yaani mwili na shingo, na kuna vitu vilivyokusudiwa kuchakaa na kubadilishwa, yaani karibu vyuma vyote. Anayesema besi imekwisha kwa sababu funguo zimelegea ni sawa na anayesema baiskeli imekwisha kwa sababu breki zimelika. Na huku kwetu pwani vyuma hivyo huchakaa upesi kuliko bara. Hewa ya chumvi na jasho la mkono wa kulia, ule unaokaa juu ya daraja usiku kucha, hula kwanza kromu, kisha nikeli, kisha chuma chenyewe.

Lakini kwa nini wapigaji wetu wengi waogope kushika bisibisi? Mimi nadhani ni mazoea ya zamani. Bendi kubwa za dansi hapa Tanzania zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mwanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Nyingine zikawa za jeshi, za polisi, za mashirika ya umma. Mpigaji alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri kama vile taipureta ilivyo mali ya ofisi. Nani angethubutu kulifungua? Heshima hiyo ya kutogusa tumeirithi hata sisi ambao gitaa tumelinunua kwa fedha yetu wenyewe.

Basi tuiondoe. Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota inayojaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, maana ndogo itakila kichwa hicho, spana moja au mbili ndogo, rula ya milimita, kalamu ya risasi, gundi ya mbao na vijiti vya meno, chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi, na alenki ndogo. Kuhusu alenki, tahadhari. Besi nyingi za Asia hutumia kipimo cha milimita 1.5 kwenye skrubu za kuinulia nyuzi, na nyingi za Marekani hutumia inchi. Sehemu moja ya kumi na sita ya inchi ni milimita 1.59. Tofauti hiyo macho hayaioni, lakini skrubu inaijua: alenki ya milimita itaingia, itazunguka, na kuacha tundu la mviringo ambalo halitashikwa tena na alenki yoyote. Kama inacheza ndani ya tundu, usilazimishe.

Na kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu. Mbele, nyuma, chini ya bamba, kila waya. Zamani tulichora kwenye karatasi.

Tuanze na lalamiko kubwa, la besi isiyoshika sauti. Wengi hukimbilia kununua funguo mpya. Ngoja kwanza. Uzi mpya wenyewe hulegea siku za kwanza hadi uvutike. Uvute kwa vidole mara kadhaa, utuni tena, na tena. Pili, tazama kizingiti, kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki mwisho wa shingo, chenye mifuo minne ambamo nyuzi hupita. Ukikaza ufunguo na kusikia "tik", kisha sauti ikaruka badala ya kupanda polepole, mfuo unaubana uzi. Dawa yake ni kusugua ndani ya mfuo kwa ncha ya kalamu ya risasi. Unga ule mweusi hulainisha. Tatu, tikisa kila ufunguo kwa vidole. Katikati ya gurudumu la meno, kwenye zile funguo zilizo wazi nyuma, kuna skrubu moja. Mara nyingi imelegea tu. Ikaze taratibu. Nimeona funguo zilizohukumiwa kifo zikirudi kazini kwa robo mzunguko wa bisibisi.

Hapo nieleze ufunguo unavyofanya kazi, maana ukilijua hili hutadanganywa. Kikonyo unachokizungusha kina parafujo fupi inayosukuma gurudumu la meno. Katika funguo nyingi za besi, inakubidi ukizungushe mara 20 ili kigingi kinachoshika uzi kizunguke mara moja. Ndiyo maana unaweza kuupata uzi wa E, ambao hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde, bila kuruka huku na huku. Meno yakilika, kati yake na parafujo hutokea nafasi, na uzi ukivutwa na kidole hujongea ndani ya nafasi hiyo. Wapigaji wazoefu hutuni kila mara kwa kupanda: kama sauti imezidi, hushusha chini ya kiwango kisha hupandisha. Wakifanya hivyo meno hubaki yameegemea upande mmoja. Lakini kama kikonyo kinazunguka wala kigingi hakijongei, au gurudumu limepinda, au shimo la skrubu ya katikati limeliwa, hapo ndipo ununue.

Unanunuaje? Si kwa jina la gitaa, bali kwa rula. Pima upana wa tundu lililo kichwani, upana wa kigingi, na umbali kati ya matundu ya zile skrubu ndogo za nyuma. Angalia pia mpangilio. Kuna vichwa vyenye funguo nne upande mmoja, na kuna vyenye mbili huku na mbili kule. Ukinunua nne za upande mmoja kwa kichwa cha mbili-mbili, mbili zitakaa kinyume. Tundu likiwa dogo kidogo kuliko ufunguo mpya, jibu si keekee. Jibu ni kumrudishia mwenye duka na kutafuta unaolingana. Keekee kubwa kwenye kichwa kilichokwisha kupakwa vanishi hupasua vanishi na wakati mwingine ubao, na huo ndio ule uharibifu usiorudishika niliousema. Nimeshika besi moja ya bendi ya harusi ambayo kichwa chake kilikuwa kama chujio, fundi baada ya fundi akiongeza tundu lake.

Legeza nyuzi zote polepole kabla ya kutoa kitu. Nyuzi nne za kawaida za besi, zikiwa zimetuniwa, huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, yaani mtu mzima ananing'inia hapo. Kisha toa skrubu za nyuma. Ile pete ya chuma iliyo mbele ya kichwa, inayokizunguka kigingi, huwa ya nati au ya kugandamizwa. Ya nati fungua kwa spana. Ya kugandamizwa usiivute kwa koleo kutoka mbele. Isukume kutoka nyuma kwa kipande cha mti kinachoingia tunduni, kwa vipigo vidogo. Skrubu mpya zisugue kwenye sabuni ya kipande kabla ya kuzikaza. Hizo ni ndogo, na ubao wa shingo ni mgumu. Ikikatikia ndani utajuta siku nzima.

Na uzi unaporudi, usiukate sawasawa na kigingi. Acha urefu wa sentimita 10 hadi 13 kupita kigingi chake, uukunje kwanza pale utakapokata, ndipo ukate, ili waya wa ndani usiteleze ukaacha ganda la nje likiwa limelegea. Ncha iingize kwenye tundu la katikati ya kigingi, kisha zungusha mara mbili au tatu kwenda chini.

Sasa daraja, ambalo ndilo hasa lililonifanya nizungumze wiki hii. Daraja ni lile bamba la chuma mwilini ambalo nyuzi hutokea. Juu yake kuna vipande vidogo ambavyo uzi umevikalia kama mtu juu ya punda, tuviite matandiko. Besi ya mwaka 1951 ilikuwa na matandiko mawili tu, kila moja likibeba nyuzi mbili. Ukisogeza moja ili uzi wa E usikike sawa, jirani yake wa A anaharibika. Mwaka 1957 yakawa manne, na tangu hapo kila uzi una tandiko lake, lenye skrubu mbili za kuliinua na kulishusha, na moja ndefu ya kulisogeza mbele na nyuma. Hizo ndizo zinazoliwa na jasho. Zikishikwa na kutu huwezi tena kurekebisha chochote, na mpigaji huanza kuamini kwamba gitaa lake ni la sauti mbaya kwa asili.

Kabla ya kununua daraja, jaribu kuliokoa. Litoe lote mwilini, liweke mbali na mbao, tia mafuta ya kulainisha kutu kwenye skrubu, liache usiku mzima. Zikikataa asubuhi, gusa skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu kilicho moto kwa dakika moja, iache ipoe, jaribu tena. Chuma kikipata moto hutanuka, na kutu huvunjika. Skrubu za kuinulia huuzwa peke yake, kwa bei ndogo mno ukilinganisha na daraja zima. Matandiko pia.

Kama halikombolewi, chukua karatasi, iweke juu ya pale daraja lilipokaa, na usugue kwa ubapa wa kalamu ya risasi. Matundu yatajionyesha yenyewe. Nenda na karatasi hiyo dukani, au ipime na uandike namba kama unaagiza kwa mtandao. Madaraja mengi ya namna ya Fender yana skrubu tano, na nyuzi zake zimepishana milimita 19 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Lakini "mengi" si "yote", na ndiyo maana ya karatasi. Matundu matano ya zamani yakikubaliana na daraja jipya, kazi yako ni ya nusu saa. Yakikataa, tafuta daraja jingine.

Na tundu lililolika, ambalo skrubu inazunguka tu bila kushika? Hapa ndipo vijiti vya meno vinapoingia. Vipake gundi ya mbao, vijaze tunduni hadi vibane, vikate usawa wa ubao, uache hadi kesho. Kesho toboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, kisha ikaze. Mbao mpya hushika kama ya kwanza. Dawa hiyohiyo inafaa kwa vile vifungo viwili vya kushikia mkanda, ambavyo watu huvidharau hadi siku gitaa linapodondoka kutoka begani mbele ya maharusi.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Chini ya daraja, ukiliinua, utakuta waya mmoja mwembamba uliotoka ndani ya mwili, umelazwa tu pale, umebanwa na chuma. Anayefanya kazi haraka huuona kama uchafu, akaukata au akaurudisha shimoni. Huo ni waya wa ethi. Unaunganisha daraja, na kupitia daraja nyuzi zote, na upande wa ethi wa waya uendao kwenye amplifaya. Usipogusana na chuma kitupu cha daraja jipya, besi itavuma "mmmmm" hata usipopiga, na mvumo utanyamaza ukishika kichwa cha plagi ya waya kwa mkono. Hiyo ni dalili isiyokosea. Menya sentimita mbili za waya huo, uzitandaze, na kama chini ya daraja kumepakwa rangi, zikwangue hadi chuma king'ae pale waya utakapogusa.

Na kwa kuwa nyuzi zimeungana na ethi ya amplifaya, ndugu zangu, ethi ya amplifaya lazima iwe ya kweli. Sisi tuna plagi za pini tatu, na sote tunaijua ile desturi ya kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ipite. Kwa kuchaji simu wewe utajua mwenyewe. Kwa amplifaya, usifanye. Wala usikate pini ya ethi eti kuzima mvumo. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa huku ameshika gitaa. Mikono miwili, vyuma viwili, na umeme katikati. Kabla ya kuanza, amplifaya zote na mitambo ya maikrofoni zitoke kwenye soketi zenye ethi moja iliyopimwa na fundi umeme. Hilo ndilo jambo pekee leo ambalo sikwambii ulifanye mwenyewe.

Baada ya daraja kufungwa, rudisha kwanza nyuzi mbili za pembeni, E na G, na uangalie kama zinakwenda sambamba na kingo za shingo. Zikielekea upande mmoja, legeza skrubu kidogo, sukuma daraja kwa kidole, kaza. Kisha matandiko. Pima kutoka kizingiti hadi kijiti cha chuma cha 12 kwenye shingo. Katika besi ya kawaida ni sentimita 43.2. Ongeza kiasi hichohicho mbele na hapo ndipo tandiko la uzi wa G likae kwa kuanzia, jumla sentimita 86.4. Mengine yarudi nyuma kidogokidogo, la E likiwa nyuma kuliko yote. Sasa tumia kipimo cha kutunia kilichomo kwenye simu. Piga uzi mtupu, uwe sawa. Ubonyeze kwenye chumba cha 12 na upige tena. Sauti iliyobonyezwa ikizidi, rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo. Ikipungua, lilete mbele. Ni kazi ya kurudiarudia, na si ya kufanya wakati watoto wanataka kula.

Ya umeme nitayapitia upesi, maana fundi yeyote wa redio wa mtaani kwako anayajua kuliko anavyodhani. Tundu la kuchomekea waya, jeki, ni la milimita 6.35, kipimo kilichorithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19. Huharibika kwa namna mbili. Ulimi wa ndani hulegea, nao waweza kuukunja kwa kidole ukabana tena. Au nati ya nje hulegea, mtu akaikaza kutoka nje, jeki nzima ikazunguka ndani na kukata waya zake. Ishike kwa ndani unapokaza. Ukiibadilisha, waya wa sauti huenda kwenye ulimi mrefu, ule unaogusa ncha ya plagi, na wa ethi kwenye ule ulioungana na pete.

Voliumu inayokwaruza usiitupe kabla ya kuiosha. Ndani yake kuna utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Vumbi likiingia kati ndipo inapokwaruza. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, si mafuta ya kutu, kisha zungusha mara thelathini. Ikikataa, nunua ya kilo-omu 250, ya namna ya sauti na si ya mstari ulionyooka. Ukipata ya 500 tu, itafanya kazi, ila besi itakuwa kali zaidi kwa juu. Pima mhimili pia: kuna wa milimita 6.35 ulio mzima na wa milimita 6 wenye ufa, na kirungu cha mmoja hakikai vizuri kwa mwingine. Kapasita ya toni kwa kawaida ni ya mikrofaradi 0.047, na ni nadra kuharibika. Iache.

Kuna msikilizaji aliyeniuliza kama anunue daraja zito la shaba badala ya lile bamba jembamba, kwa kuwa ameambiwa litafanya sauti idumu. Maoni yangu ni kwamba ukiwa umekaa peke yako chumbani na vifaa vya kusikilizia masikioni, pengine utasikia tofauti. Ngoma na kinanda vikishaingia, hakuna atakayeisikia. Nyuzi mpya zitabadilisha sauti yako zaidi ya daraja lolote, na hata hilo si amri: James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown miaka ya 1960, anasimuliwa kwamba hakubadilisha uzi hadi ukatike. Nunua daraja zito kama la zamani limekufa na bei unaimudu. Vinginevyo fedha hiyo inatosha skrubu, jeki na seti ya nyuzi.

Vijiti vya chuma vya shingoni vikilika, au shingo ikipinda kama upinde, mpelekee mtu mwenye vyombo vya kazi hiyo. Na vyuma ulivyovitoa, hata vyenye kutu, usivitupe. Kama besi yako ni ya Marekani ya miaka ya 1950 au 1960, mnunuzi atauliza kwanza viko wapi vya asili, na bei itafuata jibu. Kama ni ya kawaida, skrubu moja nzima kati ya hizo itakufaa siku nyingine. Zitie kwenye bahasha, uandike juu yake tarehe na kila kimoja kilitoka wapi, na uiweke ndani ya mfuko wa gitaa.